Mguu Uliotangulia

Mguu wa kulia wa Mama Fortunée ulizikwa kabla yake. Ulizikwa asubuhi ya manyunyu na mdogo wake Bertin, katika kiwanja cha zamani cha familia kule chini ufukweni mwa ziwa, wakati mwenyewe bado amelala hospitalini na dawa ya usingizi haijamtoka kichwani. Bertin alikabidhiwa mguu umefungwa kwa kitambaa cheupe, akatoka nao kwa mlango wa nyuma, ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto aliyesinzia. Waliokutana naye njiani walimsalimu, naye akaitikia. Hakuna aliyemuuliza amebeba nini.

Kwenye ukoo kulikuwa na waliotaka mguu upelekwe makaburini, ulale karibu na marehemu Papa Prospère, mume wa Fortunée. Bertin alikataa.

"Makaburini wanalala wale waliomaliza," alisema. "Yaya, dada yangu, hajamaliza."

Basi akachimba chini ya mpera aliopanda mama yao, nyuma ya kuta za nyumba ya zamani ambayo sasa haikuwa na paa. Alipokwisha kufukia alisimama pale na jembe mkononi, hajui asali sala ya wafu au sala ya wagonjwa. Mwishowe alisali Baba Yetu, akaenda zake.

Fortunée alikuwa mshonaji. Alizaliwa Moba, masista wakamfundisha mashine angali msichana mdogo, kisha akapanda meli kuja Kalemie kuolewa na Prospère, kijana wa reli. Mashine yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa mlangoni pa nyumba yao ya mlimani miaka mingi hata sakafu ikalika mahali pale. Alishona iniforme za shule za watoto ambao leo ni wazazi, na leo anawashonea watoto wao. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mdomo mwepesi. Hukai karibu na mashine yake bila kucheka. Hata ugonjwa wa sukari ulipomwingia, umri umekwisha kupita sitini, aliuita "mgeni". Ukimkaribisha chai, atasema, "Yangu isitiwe kitu, mgeni wangu anachungulia."

Lakini yule mgeni alikuwa mla polepole. Alianza na macho, akayapunguzia nuru kidogo. Kisha akala hisia za nyayo. Siku moja kaa la moto liliruka kutoka kwenye jiko la mbabula likamkalia kidoleni, naye akaendelea kusonga bukari, ugali wa kwao, huku anaimba, mpaka binti yake Julienne, aliyekuwa akikaa naye, aliposikia harufu ya nyama inayoungua. Kidonda kile kilikataa kupona. Madaktari waliondoa kidole, halafu kipande cha wayo, halafu wakasema heri kukata chini ya goti kuliko kumpoteza mama mzima.

Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani ananikuna muguu?"

Julienne aliangalia shuka. Upande wa kushoto ilikuwa imeinuka. Upande wa kulia, kutoka goti kwenda chini, ilikuwa imelala bapa juu ya godoro.

"Hakuna muntu, Mama."

"Iko muntu. Anakuna kidole kikubwa. Mwambie aache."

Aliyemweleza mambo ni Myriam, muuguzi wa mazoezi, mwanamke mtaratibu aliyezoea kuketi kitandani kabla ya kusema. Alimwambia kwamba mguu umeondoka lakini kichwa hakijapata habari. Wengi waliokatwa huendelea kusikia kiungo kile kama kipo, wengine miezi, wengine mpaka mwisho wa maisha. Si wazimu na si uchawi. Fortunée alimsikiliza, akatafakari.

"Basi kipelekeeni habari polepole," alisema. "Kisije kikazimia."

Chumba kizima kilicheka, na Julienne akajua kuwa mama yake amerudi.

Alirudi nyumbani na magongo mawili na mzaha wake mzima. Waliokuja kumpa pole waliondoka wamepewa pole wao. Mmoja alimwambia, hujafa hujaumbika. Akajibu, "Ni kweli. Mimi kipande changu kimoja kimeshaumbika, kinaningojea." Alijaribu kukanyaga mashine kwa mguu wa kushoto, nyuzi zikakatika, akacheka, akajaribu tena kesho yake.

Ndipo yakaja maji.

Ilikuwa mchana, saa ile ya baada ya chakula ambapo mtaa wote hunyamaza, hata kuku huingia kivulini. Hakukuwa na mvua siku hiyo. Fortunée alikuwa amejinyoosha kitandani, macho wazi, akihesabu nani bado hajachukua nguo zake. Baridi ilimwanzia kwenye kisigino cha kulia, kisigino kisichokuwapo. Haikuwa kama ndoo iliyomwagwa. Ilikuwa kama mtu anayeshusha mguu wake mtoni taratibu, anaonja kwanza. Ilipanda ikazunguka wayo, ikafika kwenye kifundo, ikatulia. Kisha akasikia mchanga ukimjaa katikati ya vidole, chembe kwa chembe, laini kama unga.

"Julienne," aliita. "Muguu iko mu maji."

Julienne alikuja akapapasa shuka. Kavu. Akaangalia bati juu. Kavu. Akaushika mguu wa kushoto, una joto.

"Ulikuwa naota, Mama."

"Sikulala. Maji imefika ku kifundo. Na haina mawimbi, imetulia tu, kama maji ya mu chungu." Alijiinua kwa viwiko. "Mwambie Bertin aende kuangalia kwa mama, ku mpera."

Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda, kila mtu alijua. Nyumba za mstari wa mbele zilikuwa zimekwisha kuhamwa. Lakini kiwanja chao kilikuwa nyuma, mbali na mchanga, na Bertin alikuwa amepalilia viazi vitamu pale juzijuzi tu, udongo ukitoa vumbi. Alikwenda kwa kuwa Yaya ndiye aliyemtuma, si kwa kuwa aliamini.

Kesho yake, jua likiwa limepanda vizuri, Fortunée alikuwa ameketi mlangoni akifundisha mkono wake kutunga sindano bila msaada wa macho. Jirani yao Lucie, mama wa sala, mtu mwema asiyeweza kumwona mgonjwa bila kuleta uji, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akimweleza habari za sokoni. Katikati ya maneno, Fortunée aliinua kichwa.

"Kuna muntu ameingia," alisema.

Lucie aligeuka kutazama njia. Hapakuwa na mtu.

"Si hapa. Kule. Mu maji. Amesimama karibu na mimi." Alikunja uso kama anayesikiliza sauti ya mbali. "Maji inatikisika. Sasa ametoka."

Lucie hakumaliza habari ya soko.

Bertin alifika baadaye, amepanda mlima kwa miguu, jasho linamtoka. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umelowa mpaka kwenye kifundo, mwingine mkavu. Alikunywa maji kwanza. Halafu akasema kwamba njia ni kavu, viazi ni vikavu, lakini chini ya mpera pana maji. Hayakutoka upande wa ufuko. Yametoka chini, kwenye udongo wenyewe, yamekaa pale kama dimbwi, meusi, majani ya mpera yanaelea juu yake bila kwenda popote.

"Ilifika wapi?" Fortunée aliuliza.

"Ku kifundo. Nilivua kiatu kimoja, nikaweka muguu, nipime."

"Wa kulia."

Bertin alimtazama dada yake. "Wa kulia," alisema.

Lucie alinyanyuka, akachukua bakuli lake la uji ambalo halijanywewa, akaondoka nalo bila kujua.

Kuanzia siku hiyo mtaa ulianza kupita mbele ya mlango ule kwa hatua za haraka. Wateja wa zamani walituma nguo kwa mkono wa wengine. Wavuvi kwa upande wao walikuwa wakipunguza mwendo, na mmoja mmoja akiuliza, macho yakiangalia pembeni, "Mama, leo maji namna gani?" Naye akawaambia alichosikia, kwa sababu hakujua kudanganya. Mvua kubwa zilipoanza, maji yalimpanda kutoka kifundo hadi muundi, na kutoka muundi hadi mahali pa kisu. Hapo hakuweza tena kupima. Mguu wote ulikuwa ndani. Samaki wadogo walimdonoa vidole. Siku za upepo wa kusini mguu uliyumba huku na huku, na yeye amekaa juu ya mlima, mkeka mkavu, jirani anapepeta mchele.

Kilichomtisha hakikuwa baridi. Siku moja alisikia mguu unavutwa. Haukuvutwa kwa nguvu. Ulivutwa kama mtoto anavyovuta kitenge cha mama yake akitaka waondoke.

Lucie alirudi, safari hii na wenzake wawili wa sala. Walisali vizuri, kwa upole. Baada ya sala Lucie alimshika mkono akamwambia lililomleta.

"Mama Fortunée, ile muguu itolewe mule. Kitu ziwa imeonja, itataka yote. Mimi sikutishi. Niko nasema juu nakupenda."

"Itolewe na nani?"

Bertin alikuwa amekwisha kuwauliza vijana wanaopiga mbizi kutafuta nyavu zilizonasa, na wote walikuwa na kazi nyingine siku hiyo, na siku zilizofuata.

Ndipo mzaha ukamwisha Fortunée. Hakulia, ila alinyamaza, na kwake kunyamaza kulikuwa ugonjwa mkubwa kuliko ule wa sukari. Mashine ilifunikwa kwa kitambaa. Chakula alikula nusu. Kila mchana, Julienne akiwa ameenda sokoni, alijivuta mpaka jikoni, akapasha maji, akayamimina kwenye beseni na kutumbukiza mguu wa kushoto, uliobaki. Alifikiri kwamba huyu akipata joto, mwenzake naye atapata. Alikaa hivyo mpaka maji yapoe, akasikiliza. Mwenzake hakupata kitu.

Asubuhi moja Julienne alipomvisha soksi aliuona wayo wa kushoto, akaacha kupumua. Ngozi ilikuwa nyeupe, imekunjamana mistarimistari kama ya mtu aliyetolewa ziwani baada ya siku nyingi. Katikati ya vidole palikuwa pamepasuka. Hakumwambia mama yake alichowaza. Alimwita mwenye pikipiki, wakampakia katikati, wakashuka hospitalini.

Myriam aliukagua mguu ule kwa muda mrefu, akaunusa, akatandika taulo. Aliuliza swali moja tu: "Unautia mu maji?"

Fortunée alieleza habari ya beseni. Ilibidi aeleze na habari ya mpera, na ya Bertin, na ya kuvutwa. Alieleza kwa sauti ya chini, anatazama mikono yake. Julienne alisubiri muuguzi acheke au ashike msalaba wake shingoni. Myriam hakufanya lolote katika hayo.

"Ya ziwa sijui," alisema. "Mimi sikusomea ziwa. Lakini ya huyu wa kushoto najua. Ni fangasi, umeilisha wewe mwenyewe na maji yako ya moto. Na siku moja maji yatakuwa ya moto sana, wewe husikii, tutakata na huyu. Unataka hivyo?"

"Hapana, Mama."

"Basi huyu akae mukavu. Kila siku umwangalie, chini, katikati ya vidole, kwa kioo. Na kwa yule mwingine, ngoja nikuonyeshe kitu."

Alileta kioo kirefu, akamketisha Fortunée kitandani, akakisimamisha katikati ya mapaja yake, uso wa kioo ukielekea mguu wa kushoto. Kigutu kikafichika nyuma. "Angalia mu kioo," alisema. "Usiangalie kwingine."

Fortunée aliangalia. Pale palipokuwa patupu tangu siku ile ya kisu, mguu wake ulikuwepo. Mzima, vidole vyote, kisigino, kucha. Mkavu. Nywele zilimsimama mikononi. Myriam akamwambia akunje vidole, naye akakunja, na wa kwenye kioo ukakunja, na kule mbali, chini ya maji, akasikia vidole vikikunjika na mchanga ukitoka katikati yake.

Aliinama akaona kovu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kovu la utotoni, alipoanguka kwenye miamba ya Moba. Wa kulia haukuwahi kuwa na kovu. Sasa ulikuwa nalo.

"Huyu si wangu," alinong'ona. "Huyu ni mwenzake amevaa sura yake."

"Anakusaidia?"

Fortunée alisikiliza. Baridi ilikuwa imepungua. Haikwisha, ila ilikuwa imerudi nyuma hatua, kama mtu aliyeona mlango umefunguliwa na mwenye nyumba. "Anasaidia," alisema. Machozi yalimtoka, na katikati ya machozi akaanza kucheka kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. "Nimefika uzee huu ndiyo napewa mguu wa kuazima."

Nyumbani waliutoa mlango wa kabati wenye kioo, na kila asubuhi alikaa nao. Mguu wa kushoto ulikauka, mpasuko ukafunga. Mashine ilifunuliwa. Lakini mvuto haukuisha, na sasa, kwa kuwa hofu ilikuwa imepungua, aliweza kuusikiliza vizuri. Haukuwa wa hasira. Siku moja, nguo ya kwaya iko mapajani, alimwambia binti yake kwamba anataka kwenda kuonana na mguu wake.

Julienne alipinga. Bertin alipinga zaidi. Lucie alikuja mbio, akasema huko ni kwenda kukabidhi kilichobaki. Fortunée aliwasikiliza wote mpaka wakachoka.

"Muntu akizikwa, ndugu zake wanaenda kuangalia kaburi," alisema. "Mimi sijaenda. Njo sababu inaniita."

Samy, mvuvi aliyekuwa jirani yao wa zamani kule chini, alikubali kumchukua. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa imezama, na mtumbwi wake sasa aliufunga kwenye nguzo ya umeme katika avenyu ambayo zamani alipita na baiskeli. Walikwenda saa sita, jua la utosi. Bertin na Samy walimbeba Fortunée kutoka kwenye pikipiki, wakamketisha juu ya gunia. Bertin alibaki ukingoni na Julienne. Mtumbwi ukasukumwa kuingia mtaani.

Ziwa lilikuwa kimya kama bati. Walipita juu ya uzio, juu ya kisima, juu ya mahali alipokuwa akiuza chumvi mzee mmoja aliyekufa zamani. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba aliona sakafu za nyumba, rangi za kuta, kitanda cha chuma kimesimama wima. Kwenye nyumba moja mlango wa mbao ulikuwa ukifunguka na kufunga chini ya maji, pole pole, bila sauti, kama kuna watu wanaoingia na kutoka na kazi zao. Ndakala, dagaa wa ziwani, walipita dirishani kundi zima, wakageuka pamoja, wakarudi. Samy alipiga kasia taratibu.

Kadiri walivyokaribia, Fortunée alisikia mguu wake unarudi. Hakujua namna nyingine ya kulisema. Umbali uliokuwa kati ya goti lake na wayo wake, umbali wa mlima mzima, ulipungua, ukapungua. Mbele yao ilitokeza nusu ya juu ya mpera, matawi yamelala juu ya maji, majani ya chini yamekuwa ya manjano, ya juu bado mabichi. Kuta za nyumba ya mama yake zilionekana upande wa pili kama meno.

Samy aliinua kasia. Mtumbwi uliteleza wenyewe mpaka katikati ya matawi, ukasimama. Na hapo kitu kiligonga chini ya mtumbwi. Kiligonga mara moja, kwa upole.

"Tawi," alisema Samy. Lakini hakumtazama.

Fortunée alijua lilikuwa nini, maana alisikia ubao. Aliusikia kwenye wayo wa kulia, kutoka chini, kwa nje: ubao uliolowa, ulioteleza kwa ukungu wa kijani, na msumari mmoja uliotokeza kidogo. Aliweka kiganja chake ndani ya mtumbwi, mahali hapohapo, na kati ya kiganja na wayo palikuwa na unene wa ubao tu.

Hakupiga kelele. Ilikuwa kama kukutana na mtu wa kwenu kwenye soko la ugenini.

"Uko hapa," alisema. "Wamekulaza pazuri, kwa mama. Usinivute. Mimi bado niko na nguo za bantu mukononi, na mutoto ambaye hajui kupika sombe. Siku yangu ikifika nitakuja mwenyewe. Kaa."

Samy alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

Walikaa pale muda. Hakuna kilichogonga tena. Juu ya kichwa chake Fortunée aliona pera limeiva kwenye tawi, la manjano, limetobolewa na ndege upande mmoja. Alinyoosha mkono akalichuma. Alilifuta kwenye kitenge, akalimega mara mbili, akampa Samy nusu. Samy aliangalia ile nusu, akaangalia maji mahali shina lilipozama, akatikisa kichwa.

"Mimi nimeshiba, Mama."

Fortunée alikula ya kwake, na mbegu zake, taratibu. Lilikuwa chachu kidogo, halafu tamu. Alisema mgeni asiambiwe. Kisha akala na nusu ya Samy.

Alipopanda tena mlimani jioni ile, Lucie alikuwa anamngoja mlangoni. Alimkagua kutoka juu hadi chini, kama anayehesabu.

"Niko wote," Fortunée alimwambia. "Karibu. Uji wako wa siku ile ulienda nao, leo ulete mwingine."

Mguu haukumvuta tena. Baridi ilibaki. Iko mpaka leo. Siku nyingine kali, inamzuia kushona, naye huchukua mlango wa kabati na kukaa nao mpaka itulie. Siku nyingine haina kitu. Macho yanazidi kupungua, kwa hiyo kutunga sindano anafanya kwa ulimi na vidole. Wateja walirudi mmoja mmoja, wa kwanza wakiwa kwaya, kwa kuwa sikukuu haisubiri mtu aache kuogopa. Anakanyaga mashine kwa mguu wa kushoto. Mara nyingine, kazi ikienda mbio, Julienne akiwa ndani husikia mlio wa mashine na anaapa ni mlio wa zamani, wa miguu miwili. Ameacha kutoka nje kuangalia.

Hivi karibuni Myriam alimtumia ujumbe. Hospitalini palikuwa na mgonjwa, Papa Toussaint, mvuvi mtu mzima wa upande wa Moba, amekatwa mguu kwa sukari hiyohiyo. Amegeukia ukuta, hali chakula, hasemi, na mke wake amekaa chini amechoka. Fortunée alishuka na Julienne kabla ya jua kuwa kali. Aliweka magongo yake kando ya kitanda cha yule mzee, akaketi, akavuta kitenge kigutu chake kionekane.

Mwishowe ni Toussaint aliyesema, akiwa bado ametazama ukuta.

"Na wewe unausikia?"

"Nausikia."

"Mpaka sasa?"

"Mpaka sasa."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekesha akisikiliza kitu. "Wanasema niko nachanganyikiwa."

"Hawajakatwa, hawawezi kujua. Leo wangu kuna samaki wadogo. Wananitekenya, hata njiani nimecheka, motari wa pikipiki akadhani namcheka yeye." Alisogeza sahani ya bukari iliyokuwa imepoa juu ya kimeza. "Wako unasikia nini?"

Toussaint alifikiri kama anayeulizwa swali hilo kwa heshima kwa mara ya kwanza. "Giza," alisema. "Na kitambaa."

Fortunée alimgeukia mke wa mzee. "Mumeshauzika?"

Mama yule alisema bado, shemeji yake anao, wanangoja mtumbwi wa kwenda kwao, wanataka kuuweka pale pwani penye mitumbwi ya ukoo.

"Hapana pwani," alisema Fortunée. "Mutafute pahali pa juu, pakavu, pana jua. Na leo mumwambie shemeji aufungue kidogo kile kitambaa, usibanwe."

Mama yule alitoka kwenda kupiga simu. Toussaint alibaki akimtazama mgeni wake, kisha akavuta sahani, akamega bukari, akala bila kuonja, tonge baada ya tonge, kama mtu anayefanya kazi. Alipofika katikati ya sahani aliacha. Mabega yake yakashuka. Aliangalia mwisho wa kitanda, pale shuka ilipolala bapa.

"Wamefungua," alisema.

Fortunée alimsogezea maji ya kunywa, akachukua magongo yake, akamwambia Julienne waondoke. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mto Lukuga, na alikuwa ameacha pindo la gauni la mtu halijashonwa.